Maswali ya Wasomaji: Shawa inayochuruzika, bafu la mama mzee, harufu na breka inayokatika

Barua nyingi safari hii zimetoka bafuni. Tumechagua nne. Kabla ya kusoma majibu, tafuta tepu ya kupimia, kalamu na ndoo ya lita 10, kwa sababu fedha nyingi hupotea pale mtu anapokwenda dukani kabla ya kupima.

Wahariri, habari za kazi. Nimehamia kwenye nyumba yangu ya vyumba vitatu. Tanki la lita 1,000 liko juu ya stendi ya mita 2 nyuma ya nyumba. Bomba la jikoni linatoa maji vizuri, lakini shawa inachuruzika tu, na tanki likifika nusu inakata kabisa. Fundi mmoja anasema ninunue pampu ya presha, mwingine anasema nipandishe tanki. Nimsikilize nani?
*Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam*

Ndugu yetu, usimlipe yeyote kwanza. Fungua kichwa cha shawa ukitoe, kisha fungulia maji. Yakimwagika kwa wingi, tatizo ni kichwa. Ama matundu yameziba kwa chumvi ya maji ya kisima, na dawa yake ni kukiloweka kwenye siki usiku kucha, ama ni kile kichwa kipana cha kisasa kinachotaka presha ya baa 0.5 hadi 1, ambayo tanki la nyumbani haliwezi kuitoa. Nunua kichwa cha kawaida chenye matundu makubwa.

Yakiendelea kuchuruzika hata bila kichwa, chukua tepu. Pima kimo cha kitako cha tanki kutoka ardhini, kisha kimo cha shawa kutoka ardhini hiyo hiyo, siyo kutoka sakafu ya bafu. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Shawa huwekwa mita 2 juu ya sakafu, na kama msingi wa nyumba yako umeinuka sentimita 45, basi shawa iko mita 2.45 juu ya ardhi. Kitako cha tanki kiko mita 2, yaani chini ya shawa! Kinachosukuma maji ni yale tu yaliyo juu ya usawa wa shawa. Tanki likijaa, maji yake yana kimo cha mita 1.2 hivi, kwa hiyo unapata kama sentimita 75 za kusukuma. Likifika nusu zinabaki 15. Ndiyo maana shawa inakata huku jikoni, ambako bomba liko chini kwa mita nzima, maji yanaendelea.

Kila mita moja ya kimo inakupa baa 0.1, haijalishi tanki ni la lita 500 au 10,000. Kununua tanki kubwa zaidi hakuongezi nguvu ya maji, kunaongeza akiba tu.

Kwa hiyo fundi wa pili yuko karibu zaidi na ukweli. Kitako cha tanki kikiwa mita 2 juu ya shawa, shawa ya kawaida inakuwa ya kuridhisha. Kwako hiyo ni stendi ya karibu mita 4.5. Lakini lita 1,000 za maji ni kilo 1,000, bado uzito wa tanki lenyewe, na kimo kikizidi mita 3 usikubali stendi ya kukadiria kwa macho: mtafute mtu anayeweza kupiga hesabu za nguzo na msingi. Juu ya stendi weka jukwaa zima lililo tambarare. Tanki la plastiki likikalia mbao au mabomba yenye nafasi katikati, kitako hubonyea, na ufa huanzia pale bomba la kutolea maji lilipofungwa.

Kabla ya kujenga stendi, kagua paipu. Wapo mafundi wanaotoa maji tankini kwa nusu inchi moja kwa moja mpaka bafuni ili kubana gharama, na msuguano ndani ya paipu nyembamba unakula ile presha ndogo uliyonayo. Toka tankini kwa inchi moja, fika nayo karibu na bafu, gawa kwa robo tatu ya inchi, na nusu inchi iwe ile mita ya mwisho tu. Kwenye PPR, yaani paipu za plastiki zinazounganishwa kwa kuchomelea, namba iliyoandikwa ni kipimo cha nje. Paipu nene ya mm 20 ina tundu la mm 13 tu, ya mm 25 ina mm 16 na kidogo, na ya mm 32 ina mm 21. Fundi akisema inchi moja, hakikisha ameleta ya mm 32.

Msimamie anapochomelea. Mashine iwe na nyuzijoto 260. Paipu ya mm 20 hupashwa sekunde 5, ya mm 25 sekunde 7, ya mm 32 sekunde 8, kisha inasukumwa moja kwa moja mpaka kwenye alama bila kuzungushwa. Akizidisha muda au akaisukuma kupita alama, plastiki iliyoyeyuka hujikunja kwa ndani na kuacha tundu jembamba kama penseli. Kwa nje kiungo kinaonekana safi kabisa, na ukuta ukishapigwa plasta hakuna atakayejua maji yanakwamia wapi. Omba akate kiungo kimoja cha majaribio mkichungulie pamoja kabla hajaanza kazi.

Kuna na hewa. Paipu ikipanda darini kisha ikashuka bafuni, hewa hukusanyika pale juu na maji ya presha ndogo hayaiwezi. Dalili yake ni shawa inayokohoa, kutoa kidogo, kisha kunyamaza. Pitisha paipu chini ikiwezekana. Ikishindikana, funga tii (kiungo cha njia tatu) pale ilipo juu kabisa na usimamishe paipu ya nusu inchi mpaka ivuke usawa wa juu wa maji ya tanki, mdomo wake ukunjwe kuangalia chini na ufungwe wavu.

Pampu tunaiweka mwisho kwa sababu umeme ukikatika unabaki bila maji huku tanki limejaa. Ukiamua kuifunga, ya nusu hospawa inatosha bafu mbili. Ikae chini, karibu na tanki, na iwekewe njia ya pembeni yenye vavu ya mkondo mmoja ili umeme ukikatika maji yapite yenyewe. Usiifunge kamwe moja kwa moja kwenye bomba la mtaani: inavuta uchafu kupitia nyufa za mabomba na kuuingiza kwako na kwa jirani. Na siku ikianza kuwaka na kuzima kila baada ya sekunde chache, usikimbilie kuibadilisha. Mara nyingi kile kitanki kidogo cha presha kimeishiwa hewa. Zima umeme, mwaga maji yote, ujaze hewa kwa pampu ya baiskeli mpaka iwe baa 0.2 chini ya presha ambayo pampu imewekewa kuwakia. Nyingi huwaka kwenye baa 1.4, kwa hiyo jaza 1.2.

Kazi ikiisha, weka ndoo ya lita 10 chini ya shawa. Ikijaa kwa sekunde 100 au pungufu, unaoga vizuri.

Shikamooni. Mama yetu anahamia kwetu. Ana miaka 78, magoti yanamsumbua. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, bafu lina marumaru za kung'aa na mlango una kizingiti. Hatuna fedha za kuvunja kila kitu. Tuanze na nini?
*Dada, Tanga*

Marahaba, dada, na mama karibu sana. Anza na vyuma vya kushikia. Vina bei ndogo kuliko marekebisho mengine yote na vinazuia ajali kubwa zaidi.

Bomba la chuma la inchi moja lina unene wa nje wa mm 33, unaojaa vizuri kiganjani. Fundi wa kuchomelea akulehemee sahani ya duara yenye matundu matatu kila upande, na aache nafasi ya sentimita 4 mpaka 5 kati ya bomba na ukuta. Nafasi ikizidi hapo, mkono unaweza kupenya mpaka kwenye kiwiko mtu anapoteleza. Kimoja kilale pembeni ya choo, sentimita 80 hivi kutoka sakafuni, lakini mwiteni mama mwenyewe kwanza, ashike ukuta pale mkono wake unapokwenda wenyewe, mweke alama. Cha pili kisimame wima pale anapoingilia sehemu ya kuogea.

Skrubu ndizo zinazofelisha kazi hii. Marumaru na plasta peke yake hula karibu sentimita 3, kwa hiyo skrubu ya sentimita 4 inashika sentimita moja tu ya tofali. Tumia ya sentimita 7 au 8 yenye fisha (kile kiplastiki kinachoingia tunduni kushika skrubu) ya mm 10. Toboa marumaru kwanza kwa drili isiyogonga, ukifika kwenye tofali ndipo uwashe kugonga. Kama tofali ni za uwazi, fisha haitashika: pitisha bolti upande wa pili wa ukuta na uweke sahani ya chuma nyuma. Siku inayofuata mtu mzima wa kilo 80 aning'inie kwa uzito wake wote. Chuma kikitikisika hata kidogo, kifungwe upya kabla mama hajakigusa. Vishikio vya kunata kwa mpira vinavyouzwa madukani tunaomba msivinunue kabisa. Vinaachia bila kutoa dalili, na mtu ameshaviegemea.

Kwa choo, kama hamuwezi kuweka cha kukaa, fundi atengeneze kiti cha chuma chenye miguu minne na tundu katikati, kisimame juu ya kile cha kuchuchumaa. Miguu ivalishwe mpira na ifungwe sakafuni. Kimo chake msikichukue kwa mtu mwingine: mama akae akiwa amevaa ndala, mpime kutoka nyuma ya goti mpaka chini, muongeze sentimita 3 mpaka 5. Aliyeumwa magoti anateseka zaidi kuinuka kuliko kukaa. Mpira wa kujisafishia au kopo viwe upande wa mkono wa kulia bila yeye kujipinda.

Marumaru za kung'aa zikilowa na sabuni ni hatari hata kwa kijana. Mkipata fedha kidogo, vunjeni sehemu ya kuogea tu na muweke vigae vidogo vya sentimita 5 vyenye uso usiong'aa. Mistari mingi ya saruji kati yake ndiyo inayoshika mguu. Mteremko wa kwenda kwenye tundu la maji uwe sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita. Kizingiti mkivunje, au kiwekewe mteremko mfupi pande zote mbili: kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu.

Mwisho, mlango. Geuzeni bawaba ufungukie nje. Mtu akianguka ndani ya bafu dogo, mwili wake unauzuia mlango unaofungukia ndani, na anayekuja kumsaidia anabaki akisukuma. Komeo liwe la kufungulika kutoka nje pia.

Bafu la wageni linanuka kama karo, hasa jioni. Tumemwaga dawa za kila aina. Chemba ziko safi.
*Msomaji, Morogoro*

Mwaga lita mbili za maji safi kwenye tundu la sakafuni, usubiri saa moja. Harufu ikiisha, hakuna kilichoharibika. Chini ya tundu kuna sehemu iliyopinda inayobakiza maji ya kina cha sentimita 5, na maji hayo ndiyo yanayozuia hewa ya karo isipande. Bafu lisipotumika wiki kadhaa, hukauka. Mwagia maji kila wiki, au ukisafiri ongeza kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia juu yake ili yasikauke haraka.

Harufu ikirudi siku hiyo hiyo, sikiliza choo kingine kinapofulashiwa. Ukisikia tundu linagugumia, maji yake yananyonywa, maana paipu haina pa kupumulia. Ongeza paipu ya inchi 2 itakayopanda mpaka juu ya paa, mdomo uwe na wavu wa mbu. Na kama haikupungua hata kidogo, fundi aliunganisha paipu moja kwa moja bila kuweka trapu, yaani ile sehemu iliyopinda. Hapo ni kuvunja sakafu, samahani, dawa ya chupa haitasaidia.

Shawa yangu ya umeme inakata breka baada ya dakika tano. Fundi ameweka breka kubwa zaidi, sasa haikati lakini swichi inakuwa ya moto. Niendelee kuitumia?
*Msomaji, Mbeya*

Hapana, izime leo. Breka inalinda waya. Ukiweka breka kubwa kwenye waya mwembamba umeondoa ulinzi, na moto unaanzia ukutani.

Tazama kibandiko cha shawa. Ya wati 5,500 kwa volti 230 inavuta ampea 24. Inataka waya wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye boksi la breka mpaka kwenye shawa bila kuunganishwa njiani, breka yake peke yake ya ampea 32, na swichi ya ampea 45 inayokata nyaya zote mbili, iliyofungwa nje ya bafu. Waya wa 2.5, ambao ni wa soketi, haufai hapa. Ongeza kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampea 30, na fundi apime ethi kwa mita yake, maana kuona fimbo imechomekwa ardhini si ushahidi kwamba inafanya kazi. Kazi hii mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na aioneshe kabla hajafungua boksi.

Kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi, nunua shawa iliyotengenezwa kwa maji hayo. Koili ya kawaida huliwa upesi. Na kila tanki linapokauka na kujazwa tena, fungulia maji swichi ikiwa imezimwa mpaka hewa yote itoke, ndipo uwashe. Koili ikiwaka bila maji inakatika kwa sekunde chache.