Kabla mjomba hajauza kiwanja cha Pongwe

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara nne. Unasema umepata nafasi ya shahada ya pili Stuttgart, Ujerumani, kuanzia Oktoba, na mjomba, yaani baba yako, ameshapata mteja wa kile kiwanja cha Pongwe ili pesa ya viza ipatikane. Halafu ukaniuliza: "Dada, niambie ukweli, huko kukoje? Maana kwenye picha zako naona raha tupu."

Swali hili nimeulizwa na wengi, na kila mara nimejibu "tunamshukuru Mungu" nikabadilisha mazungumzo. Wewe siwezi kukujibu hivyo. Kiwanja kikishauzwa kimekwenda, na sehemu ya sababu za kukiuza ni mambo niliyoyasema mimi, ambayo hayakuwa kweli. Kwa hiyo nakueleza muhula wangu wa kwanza kama ulivyokuwa, na wengine walioniuliza nao wasome.

Nilifika Dresden mwishoni mwa Septemba 2024, siku ya Ijumaa. Msimamizi wa hosteli alikuwa ameniambia kwa simu nifuate ufunguo "halb drei". Nilikuwa nimesoma Kijerumani miezi mitatu tu, nikasikia tatu na nusu, nikafika saa tisa unusu. Kumbe Mjerumani anaihesabu nusu ya saa inayokuja: halb drei ni saa nane unusu. Ofisi ilikuwa imefungwa mpaka Jumatatu. Usiku tatu nililala sakafuni kwa Mkenya mmoja wa Kisumu niliyekutana naye mlangoni pale pale, ambaye hakuniuliza lolote zaidi ya kama nimekula. Baadaye akawa ndugu yangu kabisa. Unga wa ugali alinionyesha yeye: unanunua ule wa mahindi unaoitwa polenta, unausaga tena kidogo, unasonga.

Kuhusu baridi sitakuandikia mengi, koti linanunuliwa. Giza ndilo sikuwa nimeambiwa. Desemba jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi na saa kumi alasiri limekwishazama, na katikati hapo wewe umo darasani. Zipo wiki ambazo sikuliona kabisa. Mwili unachoka bila kazi, unalala bila usingizi. Nilidhani naumwa, nikaenda kwa daktari, akaniambia nitembee nje saa sita mchana hata kama kuna mawingu. Nilimdharau moyoni, lakini nilipofanya hivyo ilinisaidia.

Sasa pesa, maana hapo ndipo palipoharibika kila kitu.

Ili upewe viza, kama huna ufadhili wala mdhamini, lazima uweke pesa ya kujikimu ya mwaka mzima kwenye akaunti maalumu inayoitwa Sperrkonto. Mwaka ule ilikuwa euro 11,904, yaani zaidi ya shilingi milioni 30. Wewe mwenyewe huwezi kuichota yote. Ukishafika unafunguliwa euro 992 kila mwezi, basi. Unakumbuka pesa ile ilivyopatikana: mchango wa ukoo, akiba yangu ya miaka mitatu kazini, na mkopo wa mama kwenye vikoba. Nyumbani waliposikia kwamba kila mwezi inaingia euro 992, wakaielewa kama bumu, kwamba Wajerumani wananilipa kusoma. Mama mdogo aliniuliza hivyo hivyo: "Si wanawalipa huko?" Mama mdogo, shikamoo. Hapana, hawakunilipa. Ilikuwa pesa yenu ninyi wenyewe ikinirudia kidogo kidogo.

Na haikai. Chumba changu cha hosteli kilikuwa euro 310. Bima ya afya ni lazima, na ilikuwa karibu euro 140. Mchango wa muhula wa chuo karibu euro 300 kila miezi sita, ingawa tiketi ya tramu imo humo humo. Chakula ukijipikia na kula kantini ya chuo mchana, euro 200. Kuna ada ya redio na televisheni ambayo kila nyumba inalipa hata kama huna redio wala televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Sisi tuliokaa watu wanne tuligawana. Weka simu, vitabu, dawa. Ukitulia, unabaki na kitu, na maisha yanakwenda. Kwa mtu anayesoma tu, pesa ile inatosha, nisiseme uongo.

Lakini mimi sikuwa nasoma tu. Oktoba hiyo hiyo mama alianza kudaiwa marejesho ya vikoba. Novemba mdogo wetu alifukuzwa shule kwa ajili ya ada. Hakuna aliyenilazimisha kutuma. Waliniambia tu hali ilivyo, na mimi nikatuma euro 150, kisha nyingine 150, kisha 200. Kila nilipotuma nilisema "msijali, ipo." Nilitaka mama apumzike. Sijutii kumsaidia mama. Najuta neno lile "ipo".

Ili iwepo, nikaenda kubeba maboksi. Watu huko nyumbani wanalisema neno hili kwa mafumbo, mimi nilibeba maboksi kweli, kwenye ghala la vifurushi nje ya mji, usiku wa Ijumaa na usiku wa Jumamosi. Sheria inamruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280, kwa hiyo sikuvunja sheria. Kima cha chini kilikuwa euro 12.41 kwa saa, na mkataba wangu ulikuwa ule mdogo ambao malipo hayazidi euro 538 kwa mwezi. Nilirudi chumbani saa kumi na moja alfajiri, nikalala mpaka Adhuhuri, na Jumapili jioni nikafungua daftari nikiwa sioni mistari. Novemba na Desemba msimu wa zawadi ulipopamba moto wakaniomba usiku wa ziada katikati ya wiki. Nilikubali, saa za ziada zikahesabiwa Januari. Vipindi vya asubuhi nikawa navifuata nusu nusu.

Ile picha uliyoipenda, yenye koti jekundu na taa nyuma yangu, ilipigwa Striezelmarkt, soko la Krismasi la Dresden lililoanza mwaka 1434. Soko ni zuri kweli, linanukia mdalasini na karafuu mpaka nikakumbuka kwetu Tanga. Koti lile la yule Mkenya. Siku ile akaunti yangu ilikuwa na euro 11. Sikununua kitu, nilipiga picha nikaondoka. Nasikia mjomba aliwaonyesha wenzake barazani picha ile, akasema "mtoto wa dada yangu huyo". Niliposikia nilifurahi, kisha nikalia.

Usidhani ilikuwa shida tupu. Maktaba inafunguliwa mpaka usiku na ina joto, na hakuna anayekuuliza umekaa hapo tangu saa ngapi. Maabara yao ya maji ina mifereji ya vioo ambamo unaona kwa macho yako kile ambacho Dar nilikuwa nakikariri. Na Januari kulikuwa na semina ambayo kila mmoja alitakiwa kueleza bonde moja la mto analolijua. Wengine walichukua mito mikubwa ya vitabuni. Mimi nilichukua Pangani. Nikaeleza maji yanavyoshuka kutoka Kilimanjaro na Meru, Kikuletwa na Ruvu zinavyokutana bwawa la Nyumba ya Mungu, wakulima wa juu wanavyovuta mifereji, mitambo ya umeme ya Hale na ile ya New Pangani Falls inavyosubiri zamu yake, na kule mdomoni mwa mto, maji yakipungua, bahari inavyopanda ndani hadi visima na mashamba yanaingia chumvi. Hayo ya chumvi sikuyasoma, niliyasikia kwa bibi akilalamikia maji ya kisima chake, nami nilikuwa mtoto. Muda wangu ulikuwa dakika ishirini. Profesa aliniuliza maswali zaidi ya nusu saa, na darasa zima halikuinuka. Jioni ile nilitembea kwa miguu hadi hosteli kando ya mto Elbe, nikapita pale daraja la Carola lilipovunjika Septemba, na nilijua kwa nini nimekuja.

Februari ikaja mitihani.

Hapa lazima uelewe jambo moja. Ujerumani alama bora ni 1.0. Ukipata 4.0 umepita kwa shida. Ukipata 5.0 umefeli. Kwetu chuo kikuu GPA ya juu kabisa ni 5, na mama alikuwepo siku nilipohitimu Dar nikiwa na 4.1, anajua maana yake mpaka leo.

Matokeo yalitoka mwanzoni mwa Machi 2025, Ramadhani imeanza. Semina ya mito nilipata 1.3. Mekanika ya maji, ule mtihani mkubwa ambao mihadhara yake niliihudhuria nikisinzia, nilipata 5.0. Kwa lugha yetu ya chuo, sapu. Unaruhusiwa kurudia, ila nafasi zina mwisho, na zikiisha unadisko, yaani unaondolewa chuoni, na ukidisko kibali cha kuishi nacho kinaingia mashakani.

Mama akanipigia usiku ule ule kuuliza. Nilimwambia: "Moja nina moja nukta tatu, na jingine nina tano." Akanyamaza kidogo, akanipa pole kwa ile moja nukta tatu, akasema mwanangu masomo ni magumu, utainua. Kisha akaanza kumshukuru Mungu kwa ile tano. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu baba afariki, nami nikasema, "Alhamdulillah, mama."

Siku mbili baadaye mama alifuturisha majirani wa barabara ya 12. Alipika uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, samaki, maandazi, ikasomwa dua, nikatumiwa video. Wewe ulikuwepo, nilikuona unagawa tende. Watu wakamwitikia mama "Amin" kwa ajili ya mtihani niliofeli.

Mimi jioni ile nilifuturu msikitini na Wasyria. Mama mmoja mtu mzima, hatujuani, alinisogezea supu ya dengu na kunipapasa mgongoni kwa sababu aliniona ninatokwa na machozi. Hatukuwa na lugha moja. Mpaka leo nikienda ananiwekea nafasi pembeni yake.

Baada ya hapo nilifanya mambo mawili. Niliacha ghala, nikaandika nyumbani kwamba kwa miezi sita sitatuma kitu. Sababu nilisema ni "mabadiliko ya chuo", uongo mwingine. Najua ndani ya ukoo ilisemwa kwamba nimebadilika, nimekuwa Mzungu. Iliniuma, lakini nilisoma. Julai 2025 nikarudia mtihani, nikapata 2.7. Siku hizi nasaidia maabara saa kumi kwa wiki, na naweza kutuma kidogo bila kuukata usingizi wangu.

Sasa nikujibu wewe. Stuttgart iko jimbo la Baden-Württemberg, na huko tangu 2017 mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya analipa ada ya euro 1,500 kila muhula. Hiyo ni 3,000 kwa mwaka, juu ya Sperrkonto. Dresden sikuilipa, ndiyo maana nyumbani mnasema Ujerumani elimu ni bure, na nina hakika mjomba hajaihesabu. Mwaka wa pili nao utahitaji kuonyesha pesa ya mwaka mzima tena, na kiwanja kitakuwa cha watu. Pia kuna ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani linalosomesha wanafunzi wa kigeni, na katika ule wa kozi za maendeleo wanataka uwe na miaka miwili ya kazi baada ya shahada ya kwanza. Wewe umebakiza miezi minane tu kuitimiza. Nafasi ya chuo unaweza kuiomba tena. Kijerumani anza sasa, usifanye kama mimi wa miezi mitatu.

Kama baada ya hesabu hizi mjomba bado anataka kuuza, na ninyi nyumbani mtakubaliana kwamba mwaka wa kwanza hutatuma hata senti, mimi nitakuja kukupokea stesheni Stuttgart mwenyewe. Sikuzuii kuja. Ningerudishwa Septemba ile ningepanda ndege tena, kwa ajili ya jioni ile ya Pangani.

Mama nilimwambia Jumatano iliyopita. Sikutaka wewe uujue ukweli kabla yake. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza kama siku zile nilikuwa nakula. Nikamwambia nilikuwa nakula. Akasema ile futari watu walishakula na dua ilishasomwa, hairudishwi, na kwamba mjomba lazima aambiwe na mimi mwenyewe.

Kwa hiyo mwombe baba yako asitie saini kitu chochote na yule mteja. Nitampigia Jumapili baada ya Alasiri. Nawe uwe karibu na simu, uishike ile barua ya chuo, tuisome wote mstari kwa mstari.