Kabla Hujapanga Rafu ya Mashine za Gemu

Wewe uliyeanza kazi karibuni katika duka la vifaa vya elektroniki, iwe Darajani, Unguja, au Chake Chake, Pemba, hutakaa sana kabla ya kuulizwa ni mashine gani ya gemu ikae mbele na ipi isogezwe pembeni. Mimi nilipoanza niliigawa rafu mafungu matatu sawasawa, PlayStation, Xbox na Nintendo, nikidhani ndio uadilifu. Lakini rafu inalipiwa kodi, na kila shubiri ya ubao ule hulipiwa mwezi ukiisha, iwe imeuza au haikuuza.

Mashine yenyewe huacha faida ndogo, kwa sababu mteja huja na bei yake tayari kwenye simu. Kinacholibeba duka ni padi za kuchezea, nyaya na diski za gemu. Kwa hiyo usiitolee mashine nafasi kwa kuangalia mauzo yake peke yake, bali uangalie pia kile kitakachomrudisha mnunuzi. Mwenye kibanda cha kuchezesha gemu za mpira kwa saa, ambaye padi zake huchakaa mikononi mwa watoto kutwa nzima, anarudi mara nyingi kuliko baba aliyenunua mashine ya sikukuu. Padi basi ziwekwe usawa wa macho, karibu na kaunta, na boksi la PlayStation 5, ambalo kwa ukubwa wake linakula ubao mzima, libaki moja la kuonyesha huko juu, mengine yakae stoo.

Kosa langu kubwa lilikuwa kujaza rafu ya mbele mashine zisizo na tundu la diski, kama Xbox Series S na PlayStation 5 Digital Edition, zote za mwaka 2020, kwa kuwa bei yake ni nafuu zaidi. Kijana mmoja alivuka bahari kutoka Pemba kuirudisha yake, na mfuko wa diski za PlayStation 4 mkononi. Angeuziwa PlayStation 5 yenye tundu, nyingi katika diski zile zingechezeka. Tangu siku ile mashine hizo nazipanga mbali na diski, na kibandiko chenye maandishi makubwa: HAIINGII DISKI. Kumbuka pia kwamba mwenye mashine kama hiyo hununua gemu kwa intaneti, na hana tena haja ya rafu yako.

Usiige maduka ya ng'ambo bila kujua ni nani anayebeba hasara. Mwaka 1985, Nintendo ilipotaka kuingiza mashine yake madukani New York, wakati wenye maduka Marekani walikuwa bado na majeraha ya anguko la biashara ya gemu la 1983, ilikubali kuchukua tena bidhaa zitakazokosa mnunuzi. Wenye maduka wakatoa nafasi. Sisi tunaonunua kwa fedha taslimu na kusubiri kontena bandarini Malindi, Unguja, hatuna wa kumrudishia, ndiyo maana mashine ngeni huanza kwangu na boksi moja tu.

Weka daftari kaunta, uandike kila kilichoulizwa kikakosekana. Langu limefungwa kamba kwenye msumari, maana kalamu na daftari vikiachwa huru Darajani havilali dukani. Siku kumi kabla ya Idi ndipo ninapolisoma, kisha nahamisha vitu.