Unataka kununua semi (lori la kuvuta trela) yako ya kwanza? Usimalize hela zote kwenye lori

Ndugu zangu mnaoendesha malori huku Marekani, karibu kila wiki kuna mtu ananipigia simu ananiambia kaka nimechoka kuendeshea watu, nimedunduliza dola 35,000, kuna lori la Freightliner Cascadia nimeliona linauzwa 34,000, nichukue? Namwambia usichukue. Lori lenyewe sijaliona wala sijui lina shida gani, pengine ni zima kabisa, ila mtu mwenye 35,000 hanunui lori la 34,000. Anatafuta la 20,000, au anaendelea kuendesha la kampuni mwaka mmoja mwingine.

Nasema hivi kwasababu mimi niliingia humohumo. Nilikuwa nimeendesha lori la kampuni miaka mitatu, nikakiona kichwa, yaani lori lenyewe bila trela, chekundu, krome kila mahali, kitanda kisafi, friji ndani, matairi yanang'aa, nikakipenda palepale kabla hata sijafungua boneti. Nilipofika kulikagua nikakuta muuzaji ameshaliwasha, limepata moto tayari, nami nikaona ni ukarimu tu. Nikalipa, nikabaki na dola 2,100 benki.

Wiki ya sita nimebeba lodi ya chakula niko barabara ya I-80 jimbo la Wyoming, napanda ule mlima ukitoka Laramie kwenda Cheyenne, taa ya injini ikawaka, alafu ya DPF, lile chujio la moshi, ikafuata, nguvu zikaanza kupungua nakanyaga mafuta haliendi, na mwisho wake likawa linatambaa maili 5 kwa saa pembeni ya barabara huku nimewasha taa za hazadi na wenzangu wananipita. Kuvutwa peke yake kulikula dola 1,900. Gereji wakaniandikia 7,800, nikakopa kwa shemeji yangu, mtu mwenye watoto wanne. Lori lilikaa gereji siku 16, lodi akapewa mwingine, bima inataka hela yake kama kawaida. Zile siku sitazisahau, na ndio maana naandika hapa kirefu.

Kitu kilichoharibika hakikuwa injini. Injini ilikuwa nzima. Ilikuwa ni ule mfumo wa kusafisha moshi, na hapa ndipo wengi wetu tunapigwa maana tunakagua lori kama tulivyofundishwa kukagua gari dogo. Injini za kuanzia 2007 zina DPF, yaani chujio la masizi kwenye njia ya moshi, na nyingi za 2010 kuja juu zikaongezewa DEF, yale maji ya urea tunayojaza kwenye tanki dogo. Chujio likiziba, au sensa moja ikifa, kompyuta inaanza kukukatia nguvu kidogokidogo hata kama pistoni zote ziko vizuri. Kwahiyo lori la mtumba likague kuanzia injini mpaka mwisho wa bomba la moshi.

Kuna jambo rahisi sana la kufanya hapo: chukua kitambaa cheupe, lori likiwa baridi ingiza mkono kwenye bomba la moshi ufute kwa ndani. DPF ikiwa nzima kitambaa kinatoka kisafi au na vumbi dogo tu. Kikitoka cheusi tii, masizi yanapita, chujio limepasuka au kuna mtu amelitoboa. Ningefanya hivyo siku ile ningeokoa karibu dola 10,000.

Kuna wanaoshauri ununue la zamani kabisa uepuke hayo mambo yote, injini ya kabla ya 2000, hata ELD, kile kifaa cha kurekodi masaa ya dereva, sheria inakusamehe. Ni kweli inasamehe. Lakini jiulize utafanyia kazi wapi, maana California tangu tarehe 1 Januari 2023 hawataki malori mazito ya dizeli yenye injini ya kabla ya 2010, kwahiyo bandari za Los Angeles na Long Beach umeshazifunga mwenyewe, na kampuni nyingi ukitaka kufanya kazi chini ya kibali chao cha usafirishaji zinaangalia umri wa lori kwanza. Kama una fundi wako na unakimbia mikoa yako miwili mitatu tu, sawa. Mtu wa kwanza simshauri.

Sasa maili. Odometa ya semi usiiamini peke yake. Ile sheria ya shirikisho inayomlazimu muuzaji wa gari kuandika na kusaini maili haiyahusu magari yenye uzito uliokadiriwa zaidi ya pauni 16,000, na dashibodi inaweza kuwa ilibadilishwa zamani. Unachotaka ni ripoti ya kompyuta ya injini, wanaiita ECM. Fundi anachomeka kompyuta yake anakutolea maili za injini, masaa yote iliyowaka, masaa iliyowaka imesimama, na kodi za hitilafu, yaani namba za makosa, zilizohifadhiwa humo. Ukishapata hiyo gawanya maili kwa masaa. Lori la maili 620,000 na masaa 14,000 linakupa kama maili 44 kwa saa, hilo lilikuwa barabarani linafanya kazi. Lingine maili hizohizo 620,000 ila masaa 21,000, linakuja chini ya 30, hilo limelala usiku mwingi sana injini inawaka dereva apate joto au baridi, na injini inayowaka bila kazi ndiyo inayoziba DPF kwa masizi. Kwa odometa haya mawili ni sawasawa. Langu jekundu baadae nilikuja kulipiga hesabu likatoka 28.

Na kodi za hitilafu zikiwa zimefutwa jana yake uliza kwanini. Muuzaji anaweza kuzifuta asubuhi taa zote zikazima, ukaendesha nusu saa hujaona kitu, zikarudi ukiwa majimbo mawili mbali. Ndio maana nasisitiza lipeleke kwenye gereji ya kampuni iliyotengeneza injini hiyo, au fundi unayemlipa wewe, SIO fundi wa muuzaji, mwambie achome masizi yaliyo ndani ya lile chujio akiwa palepale aangalie presha ya moshi kabla na baada. Achukue na oili kidogo ipelekwe maabara, kipimo cha oili ni bei ndogo na kinakuambia kama kuna maji ya radieta au dizeli imeingia humo, au chuma kinasagika. Utalipa dola mia kadhaa kwa yote hayo. Muuzaji akikataa lisipelekwe popote, mshukuru, ondoka, usibishane nae.

Wewe mwenyewe ukifika kitu cha kwanza shika injini kwa mkono. Kama ni ya moto mwambie utarudi kesho, maana shida za kuwaka zinaonekana injini ikiwa baridi, inavyohangaika, moshi wa rangi gani, inagonga au la. Ikishapata moto fungua mfuniko wa oili, ugeuze uuweke juu ya tundu bila kufunga. Mfuniko ukiruka au ukisukumwa ukaanguka, presha inavuja kupita ringi za pistoni, na kufungua injini yote kuifanya upya ni hesabu inayoweza kulingana na bei ya lori lenyewe. Kutetemeka kidogo ni kawaida.

Watu wananiuliza sana injini ipi ni nzuri, DD15 au Cummins au Volvo au PACCAR. Mimi naona tunabishana sana hapo bila faida. Angalia njia unazokimbia, gereji na spea za injini ipi ziko karibu, basi. Lori lililomwagwa oili kwa wakati na karatasi zake zipo nalichukua mbele ya injini yenye jina bila karatasi hata moja.

Matairi: kina cha mifereji ya tairi mbele kisiwe chini ya 4/32 za inchi, nyuma 2/32, chini ya hapo wakaguzi wa barabarani (DOT) wakikusimamisha una kesi. Kichwa kina matairi kumi kwahiyo yakikaribia kuisha toa hela hiyo kwenye bei. Ingia chini uangalie mabushi, mifuko ya hewa, kingpini za usukani, na ile sahani ya kuungia trela kama imelegea.

Karatasi sitakaa sana. Hakikisha jina kwenye hati ya umiliki ndilo la anayekuuzia na hakuna benki inayolidai lori, VIN ya kwenye hati ifanane na ya kwenye mlango na ya kwenye kompyuta. Ile kodi ya asilimia 12 ya malori mapya haikuhusu kwenye la mtumba. Fomu 2290, kodi ya malori mazito ya barabarani, inakuhusu, dola 550 kwa mwaka kwa uzito unaozidi pauni 75,000. Na hizi mikataba ya kukodi lori mpaka ulimiliki, dada zangu na kaka zangu, soma kila ukurasa, uliza ukiugua mwezi mmoja inakuwaje. Nina rafiki alilipa miaka miwili na nusu, akarudisha lori, hakupewa hata senti. Inaniuma mpaka leo.

Tukirudi kwenye hela. Kwa maoni yangu ukishalipa lori, sahani za namba na kianzio cha bima, ubaki na dola 15,000 kwenye akaunti ya peke yake ambayo huna kadi yake mfukoni. Alafu kila maili unayokimbia weka senti 15 humo. Ukikimbia maili 2,500 kwa wiki ni dola 375. Inauma mwanzoni, hasa nyumbani wanapojua umepata lodi nzuri.

Lile jekundu niliuza kwa hasara na nikamwambia mnunuzi kila kilichotengenezwa. Nikarudi kuendesha la kampuni miezi 14, nikamlipa shemeji, nikaanza tena. Awamu hii nilikagua manne nikaacha matatu, nikachukua jeupe halina hata krome, la 2016, lilikuwa la kampuni kubwa na daftari lake la matengenezo likaja nalo. Mwaka jana DPF iliziba, nikaipeleka ikatolewa ikasafishwa, nikalipa kutoka ile akaunti, asubuhi yake saa 12 nilikuwa nafunga trela.