Muulize Somo: Uza korosho, mkorosho bakiza

Barua za mwezi huu karibu zote ni za watunzi wa hadithi. Sijui ni mvua inawafungia ndani au ni bando la usiku. Nimechagua tano. Majina nimeyaficha, tabia zenu sikuzificha.

*Shikamoo Somo. Mimi ni dereva wa bodaboda, kijiwe changu kipo Chikongola hapa Mtwara. Tangu mwaka jana naandika hadithi ya mapenzi na uchawi kwa simu, nairusha kwenye kundi la WhatsApp. Imefika sehemu ya 31. Kundi lina watu kama mia tisa. Sasa mwenye kundi anasema atanipa laki moja na nusu nimwachie hadithi "jumla", aiweke kwenye kurasa zake. Nina shida na tairi ya nyuma. Nichukue? – Kijana wa Chikongola*

Marahaba mwanangu. Pesa chukua, lakini hilo neno "jumla" lifute.

Wewe ni mtoto wa kusini, kangomba unaijua. Mtu anamwendea mzee kipindi cha njaa, mikorosho bado haijatoa hata ua, anamwachia debe la mahindi na elfu hamsini. Msimu ukifika anakuja na kipimo chake kilichofutuka tumbo, anabeba. Siku ya mnada mzee anasikia bei redioni kama anasikia habari za nchi nyingine. Huyo mwenye kundi naye amekuletea kangomba, tena ya kwako mbaya zaidi. Mzee alitoa korosho za msimu mmoja, mkorosho ukabaki shambani. Wewe unaombwa mkorosho na mizizi yake.

Nasema kwa uchungu kwa sababu wa kwangu nilishaung'oa. Mwaka 2009, nikiwa mpiga taipu, niliuza riwaya yangu ya kwanza kwa gazeti moja la Dar kwa laki tatu. Nilisaini karatasi yenye mistari minne, wa tatu ukisema "haki zote". Laki tatu zilikuwa bati za jikoni, nani angesoma mara mbili? Miaka saba baadaye nimo ndani ya kosta natoka Lindi kwenda Mtwara. Tumefika Mnazi Mmoja, pale njia panda ya Masasi, abiria wa mbele yangu kaiachia simu kwa sauti kubwa. Mwanamume anasoma hadithi: mama wa mwari anafungua sanduku, anatoa kanga zenye harufu ya udi, chini kabisa anakuta barua. Sanduku lile ni la bibi yangu. Barua ile niliitunga mimi, usiku, kwa kibatari. Mama mmoja mwenye kapu la dagaa akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, akasema, "Huyu kaka anajua kutunga." Nilikuwa nimelipa nauli ya hadi Mtwara mjini, nikashuka Mikindani.

Gazeti lenyewe lilishakufa. Walipogawana mali waligawana na hadithi zetu.

Wakati ule sikujua kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatenganisha vitu viwili. Kuna haki ya kupata fedha, hiyo unaweza kuiuza au kuikodisha. Halafu kuna haki ya kutajwa kuwa ndiwe mtunzi. Kwa hiyo anayekulipa halafu akabandika jina la ukurasa wake badala ya lako, amevuka mpaka hata kama pesa alitoa. Na hadithi ni yako tangu ulipoiandika, imesajiliwa au haijasajiliwa. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, kunakupa karatasi ya kuonyesha siku ya ugomvi, na mimi ninashauri usajili, ila usidhani kwamba bila karatasi hiyo huna chako.

Basi mwambie hivi: "Nakupa ruhusa ya kuiweka kwenye kundi na kurasa zako kwa miezi sita, jina langu likae juu ya kila sehemu, kitabu na sauti na filamu vinabaki kwangu." Andikeni, hata kwenye karatasi ya daftari, wote wawili msaini na shahidi mmoja, kila mtu abaki na nakala. Mimi nina mashine ya fotokopi hapa Lindi, mikataba ya watu inapita mkononi mwangu kila siku, na nakuhakikishia kwamba karatasi ya daftari iliyoandikwa vizuri inashinda ya kompyuta iliyoandikwa "haki zote".

Akikataa, piga hesabu. Watu 900. Sehemu 31 wamezila bure, mate yanawatoka. Tangaza kwamba mwisho wa hadithi ni shilingi 2,000 kwa lipa namba, anayelipa unamtumia yeye peke yake. Akilipa mmoja katika kila kumi, ni watu 90, ni 180,000. Umepita laki moja na nusu na hadithi bado ni yako. Najua wengine watasambaziana bure. Andika namba ya simu ya mnunuzi kwenye ukurasa wa kwanza wa nakala yake uone anavyoogopa kuirusha. Na tafadhali angalia kalenda. Ukitangaza Februari utalia. Tangaza malipo ya korosho yanapoanza kuingia, Novemba hivi, wakati hata mjomba asiyesoma ananunua redio mbili.

Tairi ya nyuma kamwombe fundi wako umlipe kidogo kidogo.

*Habari za kazi Bi. Somo. Nafundisha Kiswahili sekondari Nachingwea. Mwaka jana mwezi wa tatu nilipeleka mswada wa riwaya kwa mchapishaji Dar es Salaam, hadi leo kimya. Amejitokeza mwingine, anasema nilipe milioni 2.4 anichapishie nakala 500 na atazisambaza yeye. Nimpe? – Mwalimu wa Nachingwea*

Mwalimu, wewe mwenyewe unafundisha Kiswahili, tuanze na msamiati. Mchapishaji anawekeza fedha zake kwenye kitabu chako, anahariri, anachapa, anauza, wewe anakupa mrabaha, yaani fungu lako la mauzo. Mpiga chapa anafanya kazi ya mashine, unamlipa, unabeba vitabu vyako, mnaagana. Wote wawili ni watu wa heri. Wa tatu ndiye popo: anachukua pesa yako kama mpiga chapa na haki zako kama mchapishaji. Huyo wa milioni 2.4 muulize nakala 500 zitalala ghala la nani, na siku ukitaka kuzichukua zote utazichukua bila maneno? Halafu muulize mkataba unasema hakimiliki ni ya nani. Akianza kukuita "mwandishi wetu mpendwa", funga simu.

Kimya cha mchapishaji kisikuumize. Kampuni kama Mkuki na Nyota, iliyoanza 1991, zinaletewa miswada mingi, na soko kubwa la vitabu nchini ni shule, kwa hiyo riwaya ya mtu mpya husubiri foleni. Mwandikie kwa adabu kwamba sasa unaupeleka kwingine, halafu upeleke kweli. Safari hii tuma muhtasari wa ukurasa mmoja na sura tatu za mwanzo. Na kabla ya kutuma, nunua walau riwaya moja waliyoitoa uisome. Mtu anapeleka hadithi ya kijasusi kwa watu wanaotoa vitabu vya watoto, halafu ananiandikia mimi analalamika.

Ukipata mkataba, ukiona "asilimia 10" usishangilie kwanza. Kumi ya nini? Kitabu cha shilingi 10,000, asilimia 10 ya bei ya jaladani ni 1,000. Kama ni asilimia 10 ya pesa inayobaki duka likishachukua punguzo la asilimia 40, ni 600. Neno moja, shilingi mia nne kila nakala.

Huku unangoja, peleka mswada kwenye tuzo. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Ya kwanza ilitolewa Aprili 13, 2023, siku ya kuzaliwa Mwalimu, na mshindi wa kwanza wa riwaya alipata milioni 10. Ipo pia Safal-Cornell, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, nayo hupokea hata mswada ambao haujachapishwa.

Au jichapishie. Si aibu. Marehemu Ben Mtobwa, aliyefariki 2008, alikuwa na kampuni yake mwenyewe, Heko. Mimi kitabu changu cha tatu nilichapa nakala 300 Dar kwa shilingi 4,500 moja, jumla 1,350,000, nikapanga kuuza 8,000. Maboksi manne yakapakiwa kwenye basi mwanzoni mwa Mei 2024. Kimbunga Hidaya kikapita, barabara ikakatika Somanga, basi likalala njiani na vitabu vyangu juu ya keria. Maboksi mawili yalifika kurasa zimevimba kama maandazi. Nikaapa kwamba hadithi inayofuata ni ya simu tu, karatasi basi. Haikupita wiki mbili, Mei 12, nyaya za baharini zikapata hitilafu na intaneti ikatutoka. Nikabaki nimekaa dukani, barabara mbovu, mtandao hakuna, nikacheka peke yangu.

Kwa hiyo ukija kwangu na "karatasi au simu?" nitakujibu anzia kwenye simu ujue una wasomaji wangapi, kisha chapa kidogo. Wapiga chapa wa mashine za kidijitali wanakubali hata nakala 50. Ulizia na Ndanda kwa Wabenediktini kabla hujakimbilia Dar, wana mashine za uchapaji na ni mwendo mfupi kwako. Vile vyangu vilivyonusurika nilivimaliza viwanja vya Nanenane pale Ngongo, meza moja na muuza asali. Ndugu niliwagawia 40. Ndugu hawanunui, weka kwenye bajeti.

*Somo, naomba kuuliza kama hadithi ya kuuza kwa simu lazima iwe na ISBN. Kuna mtu wa steshenari anauza hizo namba elfu ishirini. – Wa Masasi*

Ya WhatsApp haihitaji. Ukitaka kuingia madukani na maktaba, ndiyo, na namba inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, sio na mwenzangu huyo wa steshenari anayetuchafulia jina. Ina tarakimu 13. Geuza kitabu chochote cha Tanzania: baada ya 978 utakuta 9976, 9987 au 9912, ndiyo kitambulisho cha nchi. Kitabu cha karatasi na cha kielektroniki kila kimoja kina namba yake. Na ISBN haikulindi na wezi, ni namba tu ya kukitafutia kitabu.

*Assalaam alaykum Bi. Somo. Kaka yangu yupo Muscat, anasema niiweke riwaya Amazon nilipwe dola. Nipo Kilwa Masoko. – Mama Wawili*

Waalaykum salaam. Kaka hajadanganya, ila amesimulia nusu. Huduma yao ya kujichapishia ipo tangu 2007. Kwa kitabu cha kielektroniki, ukiweka bei kati ya dola 2.99 na 9.99 unaweza kupata asilimia 70 kwa mauzo ya baadhi ya nchi, vinginevyo ni 35. Kisha Marekani wanakata kodi ya asilimia 30 kwenye mrabaha wa mauzo ya kwao, maana Tanzania haina mkataba wa kodi nao wa kuipunguza. Kabla ya yote fungua orodha ya lugha wanazopokea, uitafute lugha yako kwa macho yako mwenyewe. Halafu jiulize msomaji wako ni nani. Kama ni shoga yako wa Kivinje, yeye analipa kwa M-Pesa, kadi ya benki hana. Kama ni Waswahili wa Muscat na London, kaka awe wakala wako, awakusanyie pesa, akutumie. Wattpad, mtandao wa kuandikia na kusomea hadithi, nayo ipo tangu 2006, hapo utapata wasomaji na maoni, pesa usiitegemee.

*Somo nimeibiwa! Hadithi yangu niliyoiweka Facebook inasomwa YouTube na mtu nisiyemjua. Amebadilisha majina, Newala ameifanya Mbezi ya Dar, ila yule binti bado anaamka alfajiri kwenda porini kuchimba ming'oko, mizizi pori ya kwetu kusini. Nina ushahidi gani? – Binti wa Newala*

Pole mwanangu, lakini umenichekesha hadi mteja akaniuliza kulikoni. Ushahidi amekuachia yeye. Piga picha ya skrini ya hadithi yako ikionyesha tarehe, na ya video yake ikionyesha tarehe. Wakati unafanya hivyo usimtukane kwenye maoni, ataifuta na kuipandisha upya kwa jina jingine. YouTube wana fomu ya malalamiko ya hakimiliki, ni bure, ijaze mwenyewe kwa jina lako kamili. Weka sehemu tatu nne zinazofanana, zako kushoto, zake kulia. Na usisahau kutaja dakika na sekunde yule binti anapochimba ming'oko Mbezi.