Kabla ya Kufungua Ramani: Kwa Mnaoanza Kazi ya Mipango ya Ardhi katika Misitu ya Kaskazini mwa Kanada

Kila mwaka huandikiwa na vijana kutoka Tanzania na Kenya wanaokuja Kanada kusomea misitu au upimaji, nao wengi huniuliza wajifunze programu gani za ramani kabla ya kuomba kazi. Programu mtazijua, kwani hazina ugumu wa kumshinda mtu mwenye bidii. Ninalotaka kuwaeleza ni jambo lililonichukua miaka kulielewa, nikifanya kazi na jamii za Anishinaabe, wenyeji wa asili wa kaskazini-magharibi mwa jimbo la Ontario: ramani ya mpango wa ardhi hutengenezwa kwa kumbukumbu za watu walio hai, na mwenye kumbukumbu ndiye mwenye kauli juu ya kipi kionekane na kipi kisitiriwe.

Nilijifunza hilo kwa kosa langu mwenyewe. Katika mwaka wangu wa pili nilipeleka rasimu ya ramani mbele ya kamati ya wazee, nikaitandaza mezani nikiwa na fahari, kwa kuwa kila mahali palipotajwa katika mahojiano nilikuwa nimepatia alama: kambi za uvuvi, mashamba ya mpunga wa mwitu wanaouita manoomin, mapito ya kubebea mitumbwi kutoka ziwa hadi ziwa. Bibi mmoja aliyeketi karibu na dirisha aliweka kiganja chake juu ya kisiwa kimoja na hakukiondoa mpaka kikao kilipokwisha. Hakusema neno. Mkalimani ndiye aliyenieleza baadaye ukumbini kwamba pale walizikwa watu wake, na kwamba kaka yake alinitajia kisiwa kile kwa kuamini kuwa ningejua la kufanya. Faili lilikuwa limekwisha kutumwa kwenye ofisi tatu za nje kwa ajili ya maoni. Niliandika barua za kuomba lifutwe, lakini taarifa ikishasambaa hairudi yote.

Kwa hiyo, kabla ya swali la kwanza la mahojiano, kaeni na jamii na kuandikiana makubaliano: nani atahifadhi sauti zilizorekodiwa, faili la alama litakaa kwenye kompyuta ya nani, na nani ataidhinisha kila ramani inayotoka nje. Tangu 1998 Mataifa ya Kwanza ya Kanada, yaani jamii za wenyeji wa asili kama hao Anishinaabe, yamekuwa na kanuni nne zinazojulikana kuhusu taarifa zao, yaani kuzimiliki, kuzidhibiti, kuzifikia na kuzishika mikononi mwao. Zisomeni mapema. Ramani ya hadhara inaweza kuonyesha eneo pana lenye masharti ya ulinzi bila kufichua kilichomo, na eneo la namna hiyo hutosha kabisa kumzuia mkata magogo.

Sisi tuliowahi kufanya mipango shirikishi vijijini Tanzania tunakuja na mazoea fulani: timu ya wilaya inafika, ramani inachorwa chini kwa vijiti na mawe, kisha mkutano mkuu wa kijiji unapitisha. Adabu ya kupiga hodi kwa wazee itawafaa huku pia, na mtaelekezwa kwamba anayemwomba mzee maarifa humpa kwanza tumbaku, naye akiipokea amekubali kuzungumza. Ratiba zetu, hata hivyo, hazitafaa. Jamii nyingi hazina barabara ya kudumu. Mnafika kwa ndege ndogo, au kwa barabara inayopita juu ya maziwa yaliyoganda katika wiki chache za baridi kali. Msimu wa kuwinda mooz, yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, hakuna kikao. Kukiwa na msiba, hakuna kikao, wala msiulize kitaanza lini tena.

Tazameni Pimachiowin Aki, eneo la msitu lenye kilomita za mraba 29,040 kwenye mpaka wa majimbo ya Manitoba na Ontario. Jamii za Anishinaabe ziliwekeana mapatano ya kulilinda mwaka 2002. Ombi lao la kuingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO lilirudishwa mwaka 2013, sababu mojawapo ikiwa kwamba vigezo vya wakati huo vilipima maumbile upande wake na utamaduni upande wake, ilhali kwa wenyeji vitu hivyo havitenganishwi. Mwaka 2016 jamii moja ilijitoa, na ombi likabidi liandikwe upya. Liliidhinishwa mwaka 2018, miaka kumi na sita tangu mapatano yale. Wakati wa kupanga bajeti ya kazi yenu, hesabuni pia uwezekano wa jamii kujitoa. Ni haki yao, na mpango usioweza kustahimili jibu la hapana haukuwa shirikishi tangu mwanzo.

Somo la pili kubwa linatoka Yukon, eneo la kaskazini-magharibi kabisa mwa Kanada, katika bonde la mto Peel, na ningependa mlisome kwa makini kuliko sura yoyote ya vitabu vyenu. Tume ya mipango iliyoundwa mwaka 2004 chini ya mikataba ya ardhi kati ya serikali na Mataifa ya Kwanza ilikusanya maoni kwa miaka saba, ikapendekeza mwaka 2011 kwamba asilimia 80 ya bonde hilo ilindwe. Serikali ya Yukon ilikuwa imetoa maoni yake mapema kwa maneno ya jumla tu. Kisha mwaka 2014 ikapitisha mpango wake yenyewe uliofungua sehemu kubwa ya bonde kwa utafutaji wa madini. Mataifa ya Kwanza yalikwenda mahakamani, na mwezi Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kanada ikaubatilisha uamuzi huo, kwa hoja kwamba serikali haiwezi kuleta mwishoni mabadiliko ambayo haikuyaeleza kinaganaga wakati wake. Mpango uliotiwa saini mwaka 2019 unalinda asilimia 83. Nyinyi ndio mtakaoandika mihtasari ya vikao vya namna hiyo. Andikeni nani alipinga nini, lini, na kwa sababu gani, kwa maneno ambayo msemaji mwenyewe amesomewa na kuyakubali.

Mtakutana pia na vipimo viwili mezani. Mkakati wa serikali ya shirikisho wa mwaka 2012 kuhusu karibuu wa msituni, naye ni mnyama wa jamii ya kulungu, unataka angalau asilimia 65 ya makazi ya takriban kila kundi iwe haijavurugwa, na ndani ya hesabu hiyo eneo lililoungua katika miaka 40 iliyopita huhesabiwa kuwa limevurugwa. Mzee wa Anishinaabe anapotazama eneo lilelile huona pia matunda ya porini yatakayoota na mooz watakaokuja kula machipukizi. Msiharakishe kusema nani anakosea. Wekeni vipimo vyote viwili kwenye rasimu, kila kimoja kwa jina lake.

Jambo la mwisho ni neno lenyewe. Sisi tunasema matumizi ya ardhi. Pimachiowin Aki wanasema Ji-ganawendamang Gidakiiminaan, kuitunza ardhi, na nilipoacha kuuliza wazee wanatumia nini na wapi, nikauliza wanatunza nini, mahojiano ya saa moja yalianza kuchukua siku nzima.

Rasimu ya mwisho ya mpango wetu ilisomwa kwa lugha ya wenyeji, ukurasa kwa ukurasa, kwa siku tatu. Tulipofika kwenye ramani ya maziwa ya kaskazini, kisiwa kile hakikuwa na alama yoyote. Kilikuwa ndani ya eneo kubwa lililopakwa rangi moja ya kijani. Bibi yule aliitazama kwa muda mrefu, akamwita mjukuu wake aje aione, kisha akafunua ukurasa uliofuata.