Maneno ya Kikorea ya kufulia nguo: anzia kwenye mashine, si kwenye orodha

Dada uliyeuliza, nimekusoma. Unasema unaondoka mwishoni mwa Agosti kwa skolashipu ya serikali ya Korea, mwaka wa kwanza ni wa lugha, umeshakariri salamu na namba, na waliotangulia wamekwambia mashine za kufulia za bwenini zimeandikwa Kikorea kitupu. Ukauliza ubebe maneno gani, na kama simu ya kutafsiri picha haitoshi. Mimi nimeishi huko miaka kadhaa, kwanza bwenini kama utakavyoanza wewe, baadaye chumba cha kupanga. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu swali lako ni zuri kuliko unavyodhani.

Simu itakusaidia kubonyeza kitufe. Haitakusaidia mwenzio anapokuja na kapu lake kuuliza kama umemaliza, wala tangazo la spika linapopita mara moja na kunyamaza. Halafu kufua kunarudi kila wiki, kwa mpangilio uleule, mbele ya maandishi yaleyale. Hakuna somo la darasani litakalokurudishia maneno kwa uaminifu kiasi hicho. Katika mwaka wa lugha utatakiwa kufikisha kiwango cha 3 cha TOPIK, mtihani wa kupima Kikorea cha wageni, ndipo uingie kwenye shahada, na mizizi ya maneno iliyoko kwenye ile mashine utakutana nayo tena kwenye mtihani. Kwa hiyo yachukulie kwa uzito.

Ila hangul, yaani herufi za Kikorea, kwanza, kabla hujapanda ndege. Mfalme Sejong aliitangaza mwaka 1446, leo ina herufi 24 za msingi, na ukikaa nayo jioni chache utaisoma. Usikariri Kikorea kwa herufi zetu. Mfano mmoja tu: 널다 ni kuanika nguo, 놀다 ni kucheza. Ukiziandika kwa tahajia ya Kiswahili zote mbili zinakuwa "nolda". Matamshi nitakayoweka hapa chini ni ya kukupandisha ngazi ya kwanza, baada ya hapo yatupe.

Kwenye matamshi kuna mahali sisi tumepewa bure. Sauti ya ng' kama ya ng'ombe, Wakorea wanaiweka mwisho wa silabi kila mara: 빨래방 ni "pallebang'", 헹굼 ni "heng'gum". Na kama wewe au bibi yako ni wa pwani, mnaotofautisha paa la nyumba na paa mnyama kwa pumzi ya ile p, basi umeshavuka mlima. P ya paa la nyumba, isiyo na pumzi, ndiyo iliyo karibu na ㅃ ya 빨래, ila ikaze zaidi. P ya mnyama, yenye pumzi, ndiyo ㅍ ya 표준. Hapa nitaandika h baada ya herufi kuonyesha hiyo pumzi.

Sasa simama mbele ya mashine. Kuna maneno mawili ya kufua na yote utayaona. 빨래 (palle) ndilo la mdomoni na nyumbani, nalo ni kazi yenyewe na pia zile nguo. 세탁 (setak) lina asili ya Kichina na ndilo la maandishi: 세탁기 (setakki) mashine ya kufulia, 세탁실 (setakshil) chumba cha kufulia, 세탁소 (setakso) duka la dobi, 세탁망 (setang'mang') mfuko wa wavu wa kufulia nguo laini. Angalia zile silabi za mwisho, maana ndizo faida kubwa. 기 ni mashine. Ukiishika, 건조기 (gonjogi) ya kukaushia, 제습기 (jesupki) ya kunyonya unyevu hewani, 청소기 (chhong'sogi) ya kufyonza vumbi na 선풍기 (sonphung'gi) feni, zote zinakufungukia. Mimi nilianza kuelewa maandishi ya madukani kwa njia hii, na sikuhitaji orodha ya mtu.

Kitufe cha kwanza ni 전원 (jonwon), umeme. Kisha unachagua aina ya ufuaji. 표준 (phyojun) ni ya kawaida, na nguo zako nyingi zitaishia hapo. 급속 (gupsok) ni ya haraka. 이불 (ibul) ni ya mablanketi. 울 na 섬세 (ul, somse) ni za sufu na vitambaa laini. 삶음 (salmum) maana yake kuchemsha. Wakorea wana desturi ya zamani ya kuchemsha nguo nyeupe, taulo na vitambaa vya jikoni, na mashine imerithi kazi hiyo. Kitenge na kanga zako usizipeleke karibu na kitufe hicho. 통세척 (thong'sechhok) ni ya kusafisha pipa la mashine yenyewe, nguo zisiwemo.

Chini yake utaona hatua tatu: 세탁, 헹굼, 탈수. Kufua, kusuuza, kukamua. Ukiyajua haya matatu unaweza kuagiza kipande tu cha kazi. Mimi, kwa mfano, nguo nilizofua kwa mkono nilikuwa nazipeleka kwenye mashine kwa 탈수 (thalsu) peke yake, zinatoka karibu kukauka. Joto la maji ni 물온도 (murondo): 냉수 (neng'su) ni maji baridi, halafu 30도, 40도, 60도. Ukimaliza kuchagua, bonyeza 동작 (dong'jak), ambayo kwa kawaida iko pamoja na 일시정지 (ilshi jong'ji), kusimamisha kwa muda. 예약 (yeyak) itakuchelewesha usipoijua. Hiyo inapanga mashine ianze au imalize baadaye, ukaona imetulia ukadhani imekufa. Neno hilohilo ndilo la kuweka nafasi hotelini na hospitalini, kwa hiyo hutalijua kwa hasara.

Muda uliobaki unaonekana kwa tarakimu, na hapo usome kwa sauti. Saa zinahesabiwa kwa namba zao za asili, dakika kwa namba zenye asili ya Kichina: saa 1 na dakika 20 ni 한 시간 이십 분 (han shigan iship pun). Wanafunzi wengi huchanganya mifumo hii miwili hadi mwaka unaisha. Wewe utakuwa na mashine inayokupa zoezi jipya kila unapoitazama.

Sabuni. Kwenye duka kubwa, chupa ya sabuni ya maji na chupa ya kulainisha nguo zinafanana kwa umbo na rangi, tena mara nyingi zimekaa rafu moja. Usiangalie maua yaliyochorwa, tafuta neno. 세제 (seje) ni sabuni, 섬유유연제 (somyu yuyonje) ni ya kulainisha na haitoi uchafu, 표백제 (phyobekche) ni ya kung'arisha. 락스 (raksu) ni jina la kibiashara lililogeuka jina la kitu, kama sisi tunavyosema jiki. Hiyo silabi 제 mwishoni ni dawa au kiambato, utaikuta kwenye bidhaa nyingine nyingi. Angalia pia kama imeandikwa 드럼용 au 일반용. Ya kwanza ni ya mashine zenye mlango wa mbele, haitoi povu jingi. Ya pili ni ya zile za mdomo wa juu, ambazo watu wanaziita 통돌이 (thong'dori).

Sasa vitenzi, na hapa nakuomba utulie, kwa sababu watu wengi wanakariri majina ya vitu halafu hawawezi kutunga sentensi. Mswahili anaanza mbele. Sisi nguo tunafua, vyombo tunaosha, uso tunanawa, mwili tunaoga. Wakorea nao hawatumii kitenzi kimoja kwa vyote: nguo ni 빨다, vyombo 설거지하다, mikono na mwili 씻다, nywele 감다, meno 닦다. Mgeni anayetoka kwenye lugha yenye kitenzi kimoja cha kuosha anahangaika hapo. Wewe unajua tayari kwamba kila kazi ina kitenzi chake.

Na tunavyo kuanika na kuanua, nao wanavyo: 널다 na 걷다. Mlolongo mzima, kwa umbo la heshima la kila siku, ni huu: 빨래를 돌려요 (naizungusha, yaani naiwasha mashine), 꺼내요 (naitoa), 널어요 (naianika), 말려요 (naikausha), 걷어요 (naianua), 개요 (naikunja), 다려요 (naipiga pasi). Jifunze kwa umbo hili, si kwa umbo la kamusi, na uyaseme mkono ukiwa kazini: shati mkononi, 널어요. Kuwa makini na kimoja. Kitenzi cha kutembea nacho kwenye kamusi kimeandikwa 걷다, lakini kikigeuka kinakuwa 걸어요, wakati cha kuanua kinabaki 걷어요. Ukisema 빨래를 걸어요 utakuwa umesema unaitundika, kinyume kabisa. Tofauti hiyo sikuipata kitabuni, niliipata kwa kusema na kusahihishwa.

Maana kitakachokufundisha hasa ni watu wa chumba cha kufulia. Unamkuta mtu, mashine imesimama, nguo zimo. Uliza 이거 쓰고 계세요? (igo ssugo gyeseyo), unaitumia hii? Au 끝났어요? (kkunnassoyo), imemaliza? Atakujibu 아직요, bado, au 네, 쓰세요, ndiyo, tumia. 몇 분 남았어요? ni kuuliza zimebaki dakika ngapi. Haya ni mazungumzo mafupi, jibu lake unaweza kulitabiri, na mtu hana haraka kwa sababu naye anasubiri. Marafiki wangu wa kwanza wa Kikorea niliwapata hivyo, na bado tunaandikiana.

Soma na karatasi zilizobandikwa ukutani. 고장 (gojang') ni mbovu, usitie nguo. 금지 (gumji) ni marufuku, na kwenye vyumba vya kufulia mara nyingi imeandikwa juu ya viatu: 운동화 세탁 금지. 빨래 끝나면 바로 꺼내 주세요 ni ombi la kutoa nguo mara zikimaliza, nalo wanalichukulia kwa uzito. Kitu kikigoma, mpangilio ni mmoja, jina kisha "안": 탈수가 안 돼요, haikamui. 문이 안 열려요, mlango haufunguki. 물이 안 빠져요, maji hayatoki. Mwambie msimamizi wa bweni hivyo tu, inatosha. Kwenye mashine za LG ukiona UE, nguo zimejikusanya upande mmoja. Simamisha, zitawanye, washa tena.

Blanketi likikushinda bwenini, nenda 코인 빨래방 (khoin pallebang'), sehemu za kujifulia mwenyewe, nyingi ziko wazi saa 24. Nyingi zinakula sarafu za won 500 na ukutani kuna 동전 교환기, mashine ya kubadilisha noti kuwa sarafu.

Kuanika kuna msimu wake. Wengi huanika ndani kwenye 건조대 (gonjode), stendi ya kukunjuka. Mvua za 장마 (jang'ma), kuanzia mwishoni mwa Juni na kuendelea Julai, nguo hazikauki na zinapata harufu wanayoiita 쉰내. Majira ya kuchipua kunakuja 황사 (hwang'sa), vumbi la manjano kutoka jangwa za Mongolia na China, na siku hiyo hakuna anayetoa nguo nje. Lakini tangazo la kulijua kabisa ni la baridi kali. Ukihamia kwenye ghorofa, mashine mara nyingi iko kwenye baraza lisilo na joto, bomba la maji machafu huganda, na maji ya wa juu hutokea kwa wa chini. Spika itasema 세탁기 사용을 자제해 주시기 바랍니다: tafadhali jizuieni kutumia mashine za kufulia. Shika maneno mawili, 동파 (dong'pha), bomba kupasuka kwa kuganda, na 역류 (yong'nyu), maji kurudi nyuma. Ukisikia mojawapo, acha nguo kwenye kapu, jirani wa chini atakushukuru.

Koti la baridi mpelekee dobi. Mwite mwenye duka 사장님 (sajang'nim), sema 드라이 맡기려고요, nataka kuacha hii ifuliwe kwa dawa, kisha 언제 찾으러 오면 돼요?, nije lini kuchukua? Madobi wengi wanashona pia, na neno ni 수선 (suson). Suruali ikikuzidi urefu: 바지 길이 좀 줄여 주세요.

Sabuni usibebe kutoka nyumbani, itakula kilo za bure. Beba vibanio vichache kama unavipenda vyako, na mfuko wa wavu utaupata kule kwa bei ndogo. Ukifika ukakuta kwenye mashine yako kuna neno ambalo sikuligusa, piga picha uiweke hapa chini, nitakusomea.