Boila ya makaa ya mawe kiwandani: ukiwa Arusha au Moshi, anza na maji

Boila, mtambo wa kuchemsha maji kuwa mvuke, ikizimika katikati ya zamu, lawama ya kwanza humwangukia mpiga moto, ya pili makaa. Maji hayatajwi. Lakini hata kwenye mitambo mikubwa ya kufua umeme kwa makaa ya mawe, sababu kubwa ya kusimama ghafla ni mirija ya boila kutoboka, na mara nyingi ugonjwa wa mrija huanzia kwenye maji.

Visima vingi vya Arusha vina magadi na floraidi, kwa sababu ya miamba ya volkano ya Meru. Ukipima ugumu unakuta maji ni laini, unafurahi. Usifurahi mapema. Mashine ya kulainisha maji kwa chumvi hunasa chokaa na magnesiamu tu. Magadi yanapita kama yalivyo. Yakifika kwenye joto la boila yanavunjika. Alkali inabaki na kupanda, maji yanatoa povu, kiwango cha maji kwenye kioo cha kupimia kinachezacheza na mvuke unatoka umebeba maji. Kabonidayoksaidi nayo inaondoka na mvuke, na mvuke ukipoa inageuka tindikali. Kata kipande cha bomba la kurudisha maji ya mvuke uliopoa: utakuta mfereji umechimbika upande wa chini, na kwenye viungio nyuzi za skrubu zimeliwa kabla ya kitu kingine. Chuma kilicholiwa kinarudi na maji kwenye boila na kuganda juu ya mirija.

Dawa ya kudumu ni kuchuja maji kwa utando au kuondoa alkali kabla hayajaingia. Usipoweza, piga blodauni, yaani mwaga sehemu ya maji ya boila ili chumvi zisijilimbikize, kwa hesabu, si kwa mazoea. Chukua chumvi zilizoyeyuka kwenye maji ya kulisha (yanayoingia boila), gawanya kwa tofauti kati ya kikomo cha chumvi ndani ya boila na hizo za kulisha. Maji ya miligramu 600 kwa lita na kikomo cha 3,000 yanakupa 600 kwa 2,400: robo ya mvuke wote unaozalisha inabidi umwage kama maji ya moto. Sasa nusu ya maji ya kulisha yawe mvuke uliopoa uliorudishwa, ambao karibu hauna chumvi. Maji ya kulisha yanashuka hadi 300, na blodauni inakuwa kama asilimia 11. Hakuna ununuzi wa makaa utakaokuokolea fedha namna hiyo.

Jambo la pili ni mwinuko. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na maji huchemka kama nyuzi 95. Miongozo ya watengenezaji wa boila husema weka tangi la maji ya kulisha nyuzi 85 hadi 90 ili oksijeni itoke. Kwa pampu, nyuzi 85 za Arusha ni karibu sawa na 90 za Tanga. Ukizidisha, maji yanachemkia kwenye mdomo wa pampu, pampu inagonga kama imejaa kokoto, na boila inakosa maji. Kwa hiyo baki kwenye 85, inua tangi, fupisha bomba la kunyonya, na oksijeni iliyobaki iondoe kwa dawa ya salfaiti. Moshi iko chini zaidi, nafuu ipo kidogo. Feni za kupulizia moto hewa nazo zinasukuma hewa nyepesi kwa karibu asilimia 15 Arusha, usizinunue kwa kipimo cha pwani.

Makaa ya mgodi wa Ngaka, Mbinga, kusini mwa nchi, husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kufika huku. Yakilowa njiani wakati wa masika, asilimia 5 zaidi ya unyevu kwenye tani 30 ni tani moja na nusu ya maji uliyolipia kwa bei ya makaa. Pima unyevu kabla ya kushusha. Vumbi likiwa jingi, hewa inapenya kwa matundu machache tu, moto unawaka kwa mabaka na majivu yanayeyuka kuwa mawe yanayoziba wavu wa chuma unaobeba moto. Makaa yaliyolundikwa huweza kujiwasha yenyewe, kwa hiyo lundo lisipite kimo cha mita mbili hadi tatu, lishindiliwe, na yaliyotangulia kuja yatangulie kuchomwa. Chomeka nondo ndani ya lundo, iache dakika kumi. Ukishindwa kuishika ikitoka, chimbua hapo leo, usisubiri moshi.

Kuna hatari ambayo boila ya mafuta haina. Umeme ukikatika, pampu na feni zinasimama lakini moto bado uko kwenye wavu. Funga hewa, funga valvu kuu ya mvuke, funika moto kwa majivu au uutoe, na uwe na pampu ya pili isiyotegemea umeme huo. Kiwango kikitoweka kabisa kwenye kioo, usiingize maji: chuma kilichopata moto bila maji huweza kupasuka kinapoguswa na maji ya baridi. Ondoa moto, acha boila ipoe yenyewe, kisha mkaguzi aikague kabla haijawashwa.

Joto la moshi kwenye bomba la kutolea liandikwe kila zamu, boila ikitoa mvuke kwa kiasi kilekile. Likipanda nyuzi 20 kuliko siku mirija ilipokuwa safi, asilimia moja hivi ya makaa inapotea. Safisha masizi kwanza. Lisiposhuka, huenda ukoko uko upande wa maji.